Kibuyu cha Mwenye Mtumbwi

Mimi ni mpimaji wa kahawa katika chama chetu cha msingi hapa Muleba, na kazi ya mizani imenifundisha kutomwamini upesi mtu anayesifiwa sana. Kwa hiyo ninapotaka kumsifu Magdalena, karani wetu, ieleweke kwamba nimekaa naye chumba kimoja muda wa kutosha kuujua ubaya wake. Ni mbishi. Chai anaiacha ipoe kwa makusudi. Anamjua kila anayeingia kwa mlio wa viatu, na ukibadilisha viatu anakulaumu kana kwamba ulitaka kumtapeli. Yeye ni Mlutheri na mimi Mkatoliki, na kila Jumatatu ananiuliza kama padri wetu alimaliza mahubiri kabla matoke hayajaungua. Pamoja na hayo yote, namshukuru Mungu kwa ajili yake, na hapa nitaeleza kwa nini.

Magdalena haoni. Surua ilimpokonya macho kabla hajaanza shule, kwao Kagondo, upande ule wa Bukoba ambako mji ni migomba na nyumba zimejificha ndani yake. Hakumbuki rangi yoyote isipokuwa nyekundu, na hata hiyo anasema huenda aliiota.

Baba yake alikuwa akitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, lakini hakuwa na mtumbwi wa kukamulia. Nasema mtumbwi kwa sababu ni gogo lililochongwa kama la kuvulia samaki, ila hili haliendi ziwani. Ndizi mbivu hutiwa humo pamoja na nyasi, wanaume wakazikanyaga mpaka maji yatoke. Si kila nyumba ina mtumbwi. Ukiazima wa jirani, pombe ikishaiva kibuyu cha kwanza hakionjwi na mtu, kinakwenda kwa mwenye mtumbwi. Hakuna anayekukumbusha wala hakuna mahali palipoandikwa. Ila ukijisahau, siku nyingine utakamua ndizi zako kwa viganja.

Kazi ya kupeleka kibuyu hicho baba yake alimpa Magdalena. Majirani wakasema mzee amerukwa na akili, vipi kipofu avuke migomba na pombe ya watu mikononi? Lakini mtoto aliijua njia kwa nyayo: hapa majani makavu, hapa jiwe, hapa ubaridi unaotoka kisimani. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee Kahangwa. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakitikisa kidogo sikioni, kisha akasema, "Kimefika kizima." Magdalena ananiambia kwamba maneno hayo mawili yalimlisha utoto wake wote, kwa sababu nyumbani kwao alizoea kusikia ameangusha hiki na kuvunja kile. Mimi nina macho yote mawili, na sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kuniambia hivyo.

Akasoma katika shule yenye kitengo cha wasioona, akajifunza nukta nundu, akajifunza kupiga chapa kwa vidole vyote. Alifika kwetu wakati karani wa zamani amekimbilia Mwanza na msimu wa kahawa umeshaanza. Mwenyekiti wetu, Ta Byabato, yaani Mzee Byabato, mtu mwenye sauti ya kuita watu shambani hata akiwa ndani ya nyumba, alimchukua kwa kukosa mwingine. Baadaye alijigamba kwamba alimchagua. Tulimwachia, maana mwenyekiti naye anahitaji kitu cha kujivunia.

Magdalena alikuja na kompyuta yake mwenyewe ya kupakata, iliyochangiwa na usharika wake. Ndani yake mlikuwa na programu ya kusoma skrini, yaani inayotamka kwa sauti kila kilichoandikwa. Yeye husikiliza kwa spika za masikioni na vidole vinaandika. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ikisoma Kiswahili kama mmisionari aliyeshuka melini jana, na majina yetu ya Kihaya iliyachakaza vibaya. Tuliita sauti hiyo Padri. Nilimwambia Magdalena kwamba hatimaye Mlutheri amepata padri wa kumsikiliza kutwa nzima.

Padri huyo alikuwa wa wizi. Fundi mmoja wa Bukoba ndiye aliyemwekea, na akamwambia akicheka kwamba kufuli ameshaivunja, asimwambie mtu. Nilipomuuliza Magdalena bei ya kuinunua kihalali, akaitaja, nikaona afadhali nikae. Mshahara wake usingetosha hata angeacha kula. Na hapa niseme ninavyoona: aliyepanga bei ile ya kuwauzia vipofu uwezo wa kusoma, bila shaka yeye anaona vizuri sana. Magdalena hakubishana nami. Alisema tu kwamba kila asubuhi akiifungua mashine, anajisikia kama mtu anayeingia kwa watu bila hodi.

Mwaka jana mnunuzi wetu wa ng'ambo, anayechukua kahawa ya chama bila kupitia kwa walanguzi, aliongeza sharti kwenye mkataba. Kompyuta za ofisi zisiwe na programu za wizi, na mkaguzi atatumwa kuhakikisha. Ta Byabato alikuwa ameshasaini sharti hilo bila kulisoma, kama sisi sote tunavyobonyeza "Nakubali" kwenye simu. Alipoelezwa maana yake alifoka siku nzima, halafu akaenda kununua programu halali kwa ajili ya mashine mbili za ofisi, ya kwake na ya mhasibu. Ya Magdalena haikuwa mali ya chama, hakuna aliyeitaja. Mimi niliifikiria, nikanyamaza, na nikiambiwa nirudie leo nitanyamaza tena.

Mkaguzi alikuwa kijana anaitwa Derick. Baba yake ni mtu wa Kanyigo lakini yeye amezaliwa Dar es Salaam, Kihaya chake ni cha kuombea maji tu. Tulimpa kahawa ya kutafuna, akaitafuna kwa adabu huku macho yakimtoka. Akakaa kwenye mashine ya mwenyekiti, akakaa kwenye ya mhasibu, akasema zote ni safi. Ta Byabato akatabasamu mpaka nikaona meno ambayo sikujua kama bado yapo.

Derick akafunga begi. Alipopita mezani kwa Magdalena, ambaye kompyuta yake ilikuwa wazi mbele yake na mikono juu yake, akaniuliza mimi, kana kwamba mwenyewe hayupo, kama dada huyu anakaa hapo kupokea wageni. Ta Byabato akadakia kwamba ndiyo, wageni tu. Mambo yalikuwa yamekwisha. Mkataba ulikuwa salama, Padri salama, na mkaguzi ameshika kitasa cha mlango.

"Bado mashine yangu, waitu," Magdalena akasema, kwa neno letu la heshima.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akauvuta pembeni, akamgeuzia Derick kompyuta. Akamweleza kwamba yeye ndiye anayeandika mihtasari na barua zote za chama, kwamba anafanya hivyo kwa programu inayomsomea, na kwamba programu hiyo hakuinunua. Kijana wa watu akashikwa na aibu mpaka masikioni. Naamini aibu ilikuwa zaidi ya kumpita kama hayupo kuliko ya kumkuta na kosa. Akakaa, akaangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba kweli, kufuli imevunjwa. Hawezi kujifanya hajaona. Ikibaki humo, ni lazima aandike kwamba ofisi ina programu ya wizi, na mnunuzi ana haki ya kuvunja mkataba. Ikiondolewa mbele yake, ataandika kwamba ilikuwepo na imeondolewa.

Ta Byabato akalipuka. Akamuuliza Magdalena ni shetani gani amemtuma, mtu alishafika mlangoni. Magdalena akamjibu kwamba amekamua ndizi kwenye mtumbwi wa watu miaka yote hii na mwenye mtumbwi hajaonja hata tone.

"Mwenye mtumbwi anayetaka ng'ombe kwa kibuyu kimoja," Ta Byabato akasema, "huyo si jirani. Huyo anastahili kuibiwa."

Nilitamani kumpigia makofi, na mpaka leo naona alikuwa na hoja. Magdalena akasema, "Labda, Ta. Lakini ningemwambia hivyo usoni. Sikumwambia, nilijificha. Na leo huyu alitaka kuondoka akidhani mimi sisomi."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomuuma. Kijana alimhesabu kuwa pambo la ofisi, na ili siri ibaki siri ilimpasa akubali kuwa pambo. Hilo lilimshinda.

Derick akamuuliza kama ana hakika. Magdalena akasema aondoe. Kijana akabonyeza, na kwa kuwa spika za masikioni zilikuwa zimechomolewa, sote tulimsikia Padri akisoma kwa Kiingereza chake kizuri swali lililotokea kwenye skrini: je, una uhakika unataka kuiondoa programu hii? Alikuwa anajisomea hukumu yake mwenyewe. Magdalena alitafuta kitufe kwa kidole, akakibonyeza. Padri akasema neno moja au mawili, akakatika. Nilitoka nje nikajifanya nakagua magunia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Magdalena alirudi kwenye ubao wake wa nukta nundu, akaandika yake, na mimi nikamsomea barua kwa zamu na kazi ya mizani. Wakulima walipiga foleni jua kali wakinisubiri nimalize kusoma mambo ya mbolea. Hata ujumbe wa dada yake kwenye kompyuta ile nilimsomea mimi, na mengine yalikuwa ya faragha, tukaona aibu wote wawili. Ta Byabato, hasira ikiwa imepoa, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kufoka, kwamba kamati ikikaa itabidi itafute karani anayeona. Magdalena akajibu kwamba anaelewa. Jioni hiyo alilia akinawa mikono, akaniambia anamkumbuka Padri, hata kwa Kiswahili chake kile kibovu. Nilimchukia Derick, nikaichukia kampuni iliyomtuma, na kidogo nikamchukia mzee Kahangwa na kibuyu chake.

Kabla wiki haijaisha, Derick akarudi. Alikuwa bado Bukoba, akimalizia ofisi nyingine. Magdalena alimtambua kwa viatu, akamkaribisha kabla sisi hatujainua vichwa. Kijana akasema tangu siku ile usingizi umekuwa wa shida. Amewapigia simu watu anaofahamiana nao, na mmoja amemweleza kwamba kuna programu nyingine ya kusoma skrini, iliyoanzishwa na watu wasioona wenyewe, ambayo ni halali na ni ya bure kwa kila mtu. Alikuwa nayo kwenye flashi.

Magdalena akauliza imekuwepo tangu lini. Derick akamwambia ni miaka mingi.

"Sikuuliza mtu," Magdalena akasema. "Ningeulizaje bila kusema ninachotumia?"

"Na mimi nisingeuliza kama usingesema," Derick akajibu. "Ningeondoka nikijua ofisi yenu ni safi."

Akachomeka flashi. Programu mpya ilianza kuzungumza hata kabla ya kukaa vizuri ndani ya mashine, kwa sauti nyembamba kama ya nyuki ndani ya debe. Ilisema kuna masharti ya kukubali, na Derick, kama mtu yeyote, akapeleka kidole kwenye "Nakubali". Magdalena akaushika mkono wake. Akasema ile ya kwanza hakuwahi kuyasikia masharti yake kwa sababu fundi aliyaruka. Haya anataka kuyasikia yote.

Basi tukakaa. Yalikuwa marefu, na kwa Kiingereza cha wanasheria. Nje wakulima walianza kuniita, mmoja akiuliza kama mizani imefariki. Ta Byabato alisimama mlangoni akipumua kwa kelele. Magdalena aliinamisha kichwa, kila kifungu kilichomtatiza akakirudisha nyuma akakisikiliza tena, na Derick akakiri kwamba kazi yake ni kukagua mikataba ya namna hii na hajawahi kuona mtu akimaliza hata mmoja. Alipomaliza, Ta Byabato akamuuliza wanataka nini hao watu.

"Wanasema nitumie kwa kazi yoyote," Magdalena akasema. "Nikitaka kumpa mwingine, nimpe. Nikiweza kuirekebisha, nirekebishe. Ila nikishampa mtu, nisimnyime ruhusa niliyopewa mimi."

Ta Byabato akaingia ndani, akakaa. Aliinamia magoti kama mtu anayesikiliza tangazo la msiba, kumbe alikuwa anafikiri. "Hayo ni machipukizi ya mgomba," akasema. Na ni kweli. Hapa kwetu jirani akija kuomba chipukizi la mgomba mzuri, unang'oa unampa, na akija mwingine kwake naye atang'oa. Ukimkuta mtu amempa jirani chipukizi kisha akamkataza asimpe mwingine, ujue amehamia. Mzee akainuka, akamshika Derick mkono, akamwambia, "Wakola, waitu," asante kwa Kihaya, na kijana wa Dar akaelewa bila kutafsiriwa. Habari ya karani anayeona hatujaisikia tena. Mkataba nao ulipita. Mimi nilimpa Derick kahawa nyingine ya kutafuna, safari hii kwa moyo.

Sauti mpya tuliiita Shemasi, kwa kuwa haijafikia upadri. Magdalena alisema ni mbaya kuliko mlango usiotiwa mafuta, lakini ni yake, na anaifungua asubuhi bila kuona haya. Flashi nyingine aliitia kwenye kichupa cha dawa, akakifunga vizuri, kikaenda na mtumbwi wa dagaa mpaka kisiwani Bumbire kwa Najibu, mvuvi aliyepoteza macho ukubwani na ambaye aliwahi kusoma naye kozi moja. Najibu ana kompyuta aliyopewa na mwanawe, ilikuwa imefungiwa sandukuni kwa kukosa msomaji.

Mtu mwingine angeishia hapo. Magdalena alianza kukosa raha upya. Nilimuuliza sasa kuna nini tena, watu wenyewe wamesema ni bure. Akaniambia mzee Kahangwa naye hakuwahi kudai. Basi akaulizia, akakuta kwamba wenye programu wanapokea msaada wa wanaojua lugha. Maneno mengi ambayo mashine hutamka kumwongoza mtumiaji yalikuwa bado Kiingereza, na yale ya Kiswahili yalikuwa makavu, mengine hayaeleweki. Akaamua kibuyu chake kitakuwa hicho.

Tuliifanya kazi hiyo saa za chakula. Yeye anasema neno la Kiingereza, mimi naleta la Kiswahili, tunagombana. Alikataa maneno yangu mengi. Alisema asiyeona anapoongozwa hataki hotuba, anataka aambiwe kama anavyoambiwa na mtu aliyemshika mkono. Pale mashine ilipokuwa inasema maneno marefu ya kutangaza kwamba imeshindwa, yeye aliandika, "Hapa hapapiti, rudi nyuma kidogo." Pale inapowaka aliandika, "Nipo, tuendelee." Ta Byabato akawa anapita akitupa na yeye ushauri, mwingi wa kilimo. Kazi ikakamilika, ikatumwa, na tukarudi kwenye kahawa. Jibu la shukrani lilikuja, Shemasi akalisoma kwa ukavu wake wa kawaida, nami nikadhani ndio mwisho.

Msimu ukapita. Asubuhi moja hivi karibuni, simu ya Magdalena ikalia akiwa hata hajafungua kompyuta. Alikuwa Najibu kutoka Bumbire, anapiga kelele kushinda upepo wa ziwani. Alisema mwanawe ameipa mashine toleo jipya la programu ile jana, na leo alipoiwasha imemwambia, "Nipo, tuendelee." Alifikiri kuna mtu chumbani. Aliuliza nani huyo anayeongea humo kama mtu wa nyumbani.

Magdalena aliiweka simu mezani Najibu akiwa bado anaita haloo. Nikaacha mizani, nikaenda nikaishika mikono ya Magdalena yote miwili, hiyo iliyovuka migomba ya Kagondo bila kumwaga.

"Kimefika kizima," nikamwambia.